Viwanja Vyetu na Watazamaji Wake: Rai Kutoka Bariadi

Katika Usukuma yako mashindano yasiyo na refa, wala kipyenga, wala ubao wa mabao, na juu ya hayo hukumu yake haina rufaa. Mavuno yakisha kuingia, kati ya mwezi Juni na Agosti, vikundi viwili vya ngoma, kimoja cha Bagalu na kingine cha Bagika, hupangwa kukabiliana katika uwanja mmoja, vikaanza kucheza kwa wakati mmoja, na watu wakaachiwa hiari yao. Nao huhamia upande huu wakivutwa na mcheza nyoka, wakarudi upande ule wakivutwa na sauti ya manju, hata jua likielekea kuchwa kikundi kilichozungukwa na halaiki kubwa zaidi ndicho kinachotangazwa mshindi. Mahudhurio, ambayo kwa viongozi wa mpira wa miguu ni hesabu ya fedha inayofanywa baada ya mchezo, kwa wazee wetu ndiyo yaliyokuwa mchezo wenyewe, na kila manju alijua kwamba watu hawaji kwa sababu uwanja umetengenezwa, bali uwanja hutengenezwa mahali ambapo watu wamekwisha kuzoea kuja.

Nimelitanguliza jambo hili kwa makusudi, maana hivi sasa nchi nzima imeingiwa na hamu ya kujenga viwanja, na mkoa wetu wa Simiyu hauko nyuma katika hamu hiyo. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda dhamana ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na tangu siku hiyo nondo na zege vimekuwa mazungumzo ya kila baraza: Arusha ukaanza kujengwa uwanja wa watu 30,000, Nairobi ule wa Talanta wa watu 60,000, Hoima katika Uganda mwingine wa watu 20,000, na huko Zanzibar Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ukakarabatiwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2023. Mtu wa Bariadi asikiapo habari hizo huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, hauna timu katika Ligi Kuu, hata mpenzi wake akitaka kuiona ligi hiyo kwa macho yake hana budi kupanda basi, kupitia Lamadi, hadi Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza. Jibu langu ni kwamba tunastahili kuwa na uwanja, lakini si ule tunaouota. Na ikhtilafu kati ya uwanja tunaouota na uwanja tunaouhitaji ndiyo mada ya safu hii.

Tuitazame kwanza hali ya mahudhurio yenyewe. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa jijini Dar es Salaam mwaka 2007 na kupewa jina la Rais huyo wa awamu ya tatu alipofariki mwaka 2020, una nafasi ya watu 60,000, na siku ambayo Simba na Yanga zinakutana nafasi hizo hazitoshi. Lakini siku ambayo mojawapo ya klabu hizo mbili haimo, mchezo uleule wa Ligi Kuu, wenye waamuzi walewale na pointi zilezile tatu, huchezwa mbele ya watazamaji wachache kiasi cha kwamba sauti za makocha husikika hadi upande wa pili. Ligi yetu, kwa hesabu ya milango, ni ligi ya klabu mbili zilizoanzishwa miaka ya thelathini, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na klabu nyingine kumi na nne ni wageni wao, hata zinapokuwa nyumbani kwao. Klabu ya mkoani hupata siku mbili tu za neema katika msimu mzima, ile ya kuipokea Yanga na ile ya kuipokea Simba, na baada ya hapo mapato ya mlango, yakisha kukatwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gharama ya uwanja, na sehemu ya vyama, hayatoshi aghalabu hata kulipia mafuta ya basi la safari inayofuata.

Kutokana na uhaba huo ikazaliwa desturi ambayo naiona kuwa na madhara makubwa kuliko watu wanavyofikiri, nayo ni desturi ya kuzihamisha siku hizo mbili za neema. Geita Gold, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2021 na kumaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne, ikampata na mfungaji bora wa ligi, George Mpole, kwa mabao yake 17, ilikuwa na uwanja wake wa Nyankumbu mjini Geita; lakini Yanga ilipokuja Oktoba 2022 mchezo ulichezwa Kirumba, Mwanza. Kwa hesabu ya siku ile uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani Kirumba hubeba watu wengi zaidi. Kwa hesabu ya miaka, hata hivyo, mtoto wa Geita aliyeivumilia timu yake katika michezo isiyo na mvuto alinyimwa mchezo uleule ambao ungemfunga kwenye timu hiyo maisha yake yote. Mwaka 2024 Geita Gold ilishuka daraja.

Haikuwa hivi siku zote. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Pamba ya Mwanza, iliyobeba jina la zao letu, ilikuwa timu ambayo vigogo wa Dar es Salaam waliiendea kwa taadhima. Timu za namna hiyo zilitegemea mashirika ya umma, viwanda, halmashauri na vyama vya ushirika, na watazamaji wake walikuwa watumishi wa taasisi hizohizo, waliokaa karibu na uwanja, waliolipwa mwisho wa mwezi, na waliokuwa na jamaa au jirani katika kikosi. Mashirika yalipodhoofika na viwanda kufungwa, timu zilipoteza mfadhili na mtazamaji kwa wakati mmoja, na pengo hilo halijazibwa hadi leo, ingawa tumefurahi kumwona Pamba Jiji akirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25.

Halafu ikaja televisheni. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mtu mwenye insafu atakiri kwamba fedha hizo zimeziokoa klabu nyingi ambazo zingekufa. Hapa Bariadi kila mtaa una kibanda umiza chake, mahali ambapo kwa sarafu chache kijana hukaa kivulini, akaona mchezo wa Dar es Salaam mchana na ule wa Ulaya usiku, akabishana na wenziwe na kurudi nyumbani ameridhika. Wako wanaokilaumu kibanda hicho kwa kuua viwanja vyetu, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kibanda umiza kinatupa ithibati ya mambo mawili yenye manufaa: kwanza, kwamba mtu wa Bariadi yu tayari kulipa kiingilio ili autazame mpira pamoja na wenziwe, hata kama angeweza kuusikiliza bure kwenye redio; na pili, kwamba anachokinunua hasa ni kivuli, benchi, ukaribu na uhakika wa saa. Uwanja usioweza kumpa mambo hayo manne hauna haki ya kumlaumu aliyempa.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mushkeli wetu, nalo ni majira. Ligi zetu huanza Agosti na kumalizika Mei au Juni, kwa kufuata kalenda iliyopangwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya, ilhali maisha ya Simiyu hufuata pamba. Mvua za kwanza zinapoanguka Novemba familia huingia shambani; Januari na Februari ni miezi ya palizi, mifuko imekauka, ghala limepungua, na karo za shule zinadaiwa; pamba huanza kununuliwa Mei, na fedha huonekana mikononi mwa watu kuanzia Juni hadi Septemba. Kwa hiyo mpira rasmi hutuomba kiingilio katika miezi ambayo hatuna hata cha chumvi, kisha hufunga milango na kwenda likizo katika miezi ambayo tunazo fedha, wasaa na barabara kavu. Si ajabu, basi, kwamba katika miezi hiyohiyo ya likizo vijiji vyetu hujaa mashindano ya mchangani, ya kugombea ng'ombe au mbuzi, ambayo watu hutembea mwendo wa saa nzima kuyafuata, wakapanga safu tatu nne kuuzunguka uwanja usio na kamba wala chokaa. Mpira wa Simiyu una watazamaji. Wamo nje ya vitabu vya Shirikisho, na wamefuata saa ileile ambayo ngoma ziliifuata kabla yao.

Wenzetu wa Ayalandi, nchi ndogo yenye watu wapatao milioni tano, walikumbana na tatizo linalofanana na hili. Ligi yao ya nyumbani iliishi miaka mingi chini ya kivuli cha klabu kubwa za Uingereza, ambazo Waayalandi wengi huzishabikia kama vijana wetu wanavyozishabikia, na michezo yao ilichezwa katika baridi na tope la majira ya kipupwe. Mwaka 2003 waliibadilisha kalenda, ligi ikachezwa kuanzia mwanzoni mwa mwaka hadi karibu na mwisho wake, ikipita katika miezi yao ya joto. Mabadiliko hayo hayakuleta umati kesho yake. Ilichukua takriban miaka ishirini ya kazi ya kila klabu katika mtaa wake hadi, tarehe 16 Februari 2025, watu 33,208 walipohudhuria mchezo wa ligi kati ya Bohemians na Shamrock Rovers jijini Dublin, idadi ambayo ligi yao haikupata kuiona. Sisemi kwamba Tanzania nzima ihamishe Ligi Kuu kwa ajili ya pamba ya Bariadi, maana Mtwara na Tanga wana majira yao. Nasema kwamba ligi ya mkoa na ligi za wilaya, ambazo ratiba zake zimo ndani ya uwezo wa vyama vyetu wenyewe, hazina sababu yoyote ya kuchezwa wakati wa palizi.

Jambo jingine ni la ardhi na umiliki, na hapa pia Shamrock Rovers wanatufaa kwa mfano. Klabu hiyo ilikuwa na uwanja wake katika mtaa wa Milltown, Dublin, ambao watu waliuzoea kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1987 wamiliki waliuuza, pakajengwa nyumba, na klabu ikatangatanga katika viwanja vya kuazima kwa miaka 22. Iliyoiokoa ni halmashauri ya eneo la Tallaght, iliyouchukua mradi wa uwanja uliokwama, ikaumaliza kwa fedha ya umma na kuumiliki yenyewe, klabu ikawa mpangaji. Uwanja huo ulipofunguliwa mwaka 2009 ulikuwa na jukwaa moja. La pili likaongezwa, kisha la tatu, na la nne likakamilika mwaka 2024, hata leo unabeba zaidi ya watu 10,000. Kila jukwaa lilifuata umati uliokwisha kulihitaji, wala hapana hata moja lililojengwa kwa matumaini matupu.

Sisi tulianza kwa njia nyingine. Viwanja vyetu vingi vya mikoani, Kirumba na Kambarage ya Shinyanga vikiwamo, ni matunda ya enzi ya chama kimoja, vilivyoinuliwa kwa michango na nguvu za wananchi, na vyama vingi viliporejea mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa Chama cha Mapinduzi. Sina nia ya kufufua hapa mjadala wa nani mwenye haki navyo. Ninachokiona ni kwamba mwenye uwanja, mwenye timu na mwenye kukusanya kiingilio wamekuwa watu watatu mbalimbali, kila mmoja akimtazamia mwenzake akarabati vyoo, na Bodi ya Ligi imelazimika mara kwa mara kuvifungia viwanja vya mikoani kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea. Viwanja vinavyotunzwa vizuri aghalabu ni vile ambavyo mkono unaolipa ndio unaopokea, kama Azam inavyofanya na uwanja wake wa Chamazi.

Na timu nazo hazidumu mahali. Stand United, iliyozaliwa miongoni mwa watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 ikashuka mwaka 2019. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilikaa kuanzia 2015 hadi 2021. Katika siku hizo watu wa Maswa na Bariadi, ambao hadi mwaka 2012 walikuwa raia wa mkoa wa Shinyanga, walikuwa na timu mbili za kuziita zao. Kisa cha Ihefu kinaumiza zaidi. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga ya Mbarali, timu hiyo iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuvunja mfululizo wake wa michezo 49 bila ya kufungwa. Haukupita muda timu ikahamishiwa Singida, ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars, na wakulima wa Ubaruku wakabaki na nyasi. Anayejenga uwanja kwa ajili ya timu moja hujenga juu ya mchanga, kwa kuwa timu ina cheti na magari na yaweza kuondoka usiku mmoja, ilhali watu wa mji hawaondoki.

Kwa hiyo uwanja wa Bariadi ujengwe kwa ajili ya watu wa Bariadi. Tunajua wanakusanyika: walikusanyika mwaka 2016 kilele cha mbio za Mwenge kilipofanyika katika mji wetu, wakakusanyika tena katika viwanja vya Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, maonyesho ya Nanenane yalipofanyika huko kitaifa. Uwanja huo uwe wa halmashauri, na uanze kwa mambo ambayo hayapigwi picha siku ya uzinduzi: sehemu ya kuchezea iliyosawazishwa na kuwekewa mitaro, ili mvua ya Machi isiigeuze bwawa; uzio na milango ya kutosha; maji; vyoo vya wanawake vilivyo mbali na vya wanaume na vyenye mlango unaofungika; na jukwaa moja tu lenye paa, upande wa magharibi, ili jua la saa kumi limpige mgongoni mtazamaji na si usoni. Vyoo na kivuli navitaja kwa mkazo kwa sababu katika ngoma za Bagalu na Bagika wanawake huwa sehemu kubwa ya umati, wamebeba na watoto, na katika mpira wa miguu karibu hawaonekani. Hii si kwa kuwa hawaupendi, bali mwanamke hawezi kukaa saa tatu juani mahali pasipo na pa kujisitiri. Timu inayomkosa mama inamkosa na mtoto aliye mgongoni mwake, naye ndiye mtazamaji wa miaka ishirini ijayo.

Milango nayo ni suala la uhai. Mwezi Mei 2023, Yanga ilipokutana na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa, uwanja ulio bora kuliko wote tulio nao. Ikiwa hayo yalitokea pale, penye milango mingi na tiketi za N-Card, sembuse katika uwanja wa mkoani wenye geti moja la bati linalofunguliwa nusu ili mkusanya fedha asizidiwe?

Jukwaa la pili lingoje hesabu. Nakusudia hesabu ya kweli ya vichwa, inayoandikwa katika daftari kila mchezo, wa ligi ya wilaya na wa ng'ombe pia, pamoja na mashindano ya ngoma, ya baiskeli na ya shule za sekondari, kwani uwanja wa umma hauna sababu ya kukataa mchezo wowote unaoleta watu. Leo hii vyama vyetu vya mikoa vikiulizwa ni watu wangapi walitazama fainali ya mkoa ya mwaka jana, jibu huwa ni kiasi cha shilingi, au kimya. Na mfadhili, awe kiwanda cha kuchambua pamba au benki, hawezi kuweka fedha zake juu ya kimya. Daftari la miaka mitatu lenye tarehe, mchezo, kiingilio na idadi ya walioingia, wanaume, wanawake na watoto, litakuwa na nguvu mbele ya Wizara na mbele ya wafadhili kuliko mchoro wa rangi wa uwanja wa watu 20,000.

Lililo la haraka kuliko yote halihitaji saruji. Mji wa Bariadi unakua kwa kasi tangu ulipofanywa makao makuu ya mkoa na lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa hadi Lamadi kukamilika, na viwanja vya wazi vilivyokuwa vikichezewa na watoto vinaota misingi ya nyumba na mabanda ya biashara mwaka hata mwaka. Halmashauri ilitenge eneo, eneo la kutosha majukwaa manne hata kama tutajenga moja, lenye nafasi ya magari na njia mbili za kuingilia. Lipimwe, liwekewe mawe ya mipaka, na hati yake itolewe kwa jina la halmashauri ikiwa na sharti la matumizi ya michezo tu. Kazi hiyo ya mpima ardhi na mwanasheria yaweza kuingizwa katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha, na diwani yeyote anayeyasoma haya anaweza kuiomba katika kikao cha robo ya mwaka inayokuja.